Nta na Masizi

Getruda alipoondoka kwenda Nzega kumwangalia binti yao Advera, aliyejifungua mtoto wa kike, alimwachia mumewe vitu viwili: ufunguo wa gari na onyo. Ufunguo aliuweka mezani. Onyo alilitoa mara tatu, la mwisho akiwa tayari ameketi ndani ya basi na kichwa amekitoa dirishani, stendi nzima ikisikia: weka mafuta, jaza upepo, usiguse kitu kingine.

Mathias Mahona hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bwana nyuki mstaafu, miaka thelathini na moja amezunguka mapori ya Tabora akifundisha watu kuninginiza mizinga, na hakuna nyuki aliyewahi kumlalamikia. Lakini mstaafu ana mikono miwili na siku nzima. Ukimwachia simu yenye bando na gari lenye boneti, la kutokea utakuwa umejitakia mwenyewe.

Na gari lenyewe lilikuwa na safari kubwa mbele yake. Jumatano Mathias alitakiwa kwenda Kigwa kumchukua mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, ampeleke hospitali pale Kitete. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa wiki moja, na siku ya mwisho ya kupokea wagonjwa ilikuwa hiyo hiyo Jumatano. Bibi Nyamizi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, mwaka wa tatu sasa anapapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kila aliyekwenda kumshawishi alimwambia upasuaji hauumi hata kidogo, naye kila mara alijibu kwamba wanaosema hauumi ni wale ambao hawajapasuliwa. Ni mpaka aliposikia kitukuu amezaliwa Nzega na kapewa jina lake ndipo akakubali, tena kwa sharti. Atapanda gari la binti yake, na gari hilo likimsumbua njiani, anashuka, anarudi kwake, na asiitwe tena na mtu. Waliomjua Bibi Nyamizi walijua hatanii.

Safari ya namna hiyo, Mathias akajisemea, haifai kwenda na gari ambalo halijafanyiwa huduma. Onyo la Getruda lilikuwepo, ndiyo, lakini Getruda alikuwa Nzega, na kwenye simu kulikuwa na kijana mmoja mwenye glovu za bluu aliyeonyesha kwa dakika kumi na moja jinsi mtu yeyote, hata wewe unayetazama, anavyoweza kulihudumia gari lake nyumbani. Mathias alimtazama mara mbili. Mara ya tatu hakuona haja.

Jumamosi asubuhi akafungua boneti. Plagi akazitoa, akazisugua kwa mswaki wa zamani wa Getruda hadi zikang'aa, akazirudisha. Chujio la hewa akatupa la zamani, akaweka jipya. Mdomo ambao injini inavutia hewa akaufuta kwa kitambaa chenye petroli. Mpaka hapo, tumpe haki yake, alifanya kazi safi. Ila katika kurudisha mabomba mahali pake, kiwiko kikaegemea mpira mmoja mdogo, mwembamba kama kidole cha mwisho, uliokuwa umekauka kwa miaka mingi. Mpira ukakatika karibu na pale unapoingia kwenye injini. Haukupiga hata kelele.

Kijana wa glovu za bluu hakuwa amesema lolote kuhusu mpira. Mathias akairudisha video nyuma, akaitazama tena yote, na mpira wa yule kijana ulikuwa mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaangalia huku na huku. Mashahidi wote waliokuwepo uani walikuwa kuku wawili wa jirani.

Mtu mwingine angemwita fundi. Mathias alikwenda stoo akachukua donge la nta. Kwa watu wa nyuki nta haina kazi inayoishinda. Baba yake alikuwa akiziba kwa nta vibuyu vilivyopasuka, ngoma, mpini wa jembe uliolegea, na mwaka mmoja jino lake mwenyewe, nalo likadumu hadi Pasaka. Mathias akaikanda nta kiganjani mpaka ikalainika, akakutanisha ncha mbili za mpira, akazungushia nta na kuisawazisha kwa kidole gumba. Kilichobaki ni rangi tu, maana nta ya njano kwenye injini nyeusi ilikuwa inaonekana toka getini. Basi akaenda jikoni, akakwangua masizi kwenye tako la sufuria, akaipaka. Alipomaliza hata yeye mwenyewe hakuuona ufa.

Akawasha. Gari likanguruma laini, taratibu, mpaka akasimama kando na kulisikiliza mikono kiunoni. Jioni alipompigia mkewe alimwambia ameweka mafuta na kujaza upepo. Alisema kweli, na akaishia hapo.

Jumapili baada ya misa ya kwanza mambo yakageuka. Alikuwa amezunguka mjini kidogo kabla ya kwenda kanisani, ili watu walisikie gari, na sasa alikuwa kwenye foleni ya kutoka uani kwa padri, gari limesimama na injini inawaka. Likaanza kutetemeka. Usukani ukamcheza mikononi, vioo vikalia, na mama mmoja wa kwaya akainama kuuliza kama kuna kitu kimekanyagwa. Akikanyaga mafuta, linatulia. Akiachia, linatetemeka tena. Mathias akazima injini, akajifanya anatafuta kitabu cha nyimbo chini ya kiti mpaka watu wote wakaondoka.

Jumatatu akaenda kwa fundi Mabruki. Mabruki alikuwa na gereji ya mabati njia ya Kwihara, ile ile njia ya misafara ya zamani, na alikuwa Mzaramo. Hilo la Uzaramo si dogo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zao, hawa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kulala kwa wale, na mtani ana ruhusa ambayo mke hana, padri hana, wala hakimu hana. Anakwambia lolote, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe.

Bahati mbaya, Mabruki alikuwa chini ya lori la tumbaku, na alipotoka zilikuwa zimepita saa mbili na gari la Mathias limepoa. Akaliwasha. Likanguruma laini kabisa. Mabruki akafuta mikono, akasema gari ni zima, mgonjwa ni mwenyewe, na kwamba Mnyamwezi ukimpa mzigo anabeba kimya mpaka pwani lakini ukimpa gari anakwenda kulalamika kwa watu. Mathias akala kiapo kwamba likipata moto linatetemeka likiwa limesimama, na ukikanyaga mafuta linaacha. Hapo Mabruki akaacha kucheka, maana hayo yalikuwa maneno ya kazi. Dalili hizo, akasema, ni za hewa inayoingia kwa wizi mahali fulani. Akaitazama mipira yote mmoja mmoja. Yote ilikuwa myeusi na yote ilionekana mizima. Akachomoa plagi moja, akaielekeza juani, akauliza ni nani huko nyumbani anayezipigia plagi mswaki. Mathias akasema labda ni fundi wa zamani.

"Mtani," Mabruki akasema, "ugonjwa wa gari unaanzia pale mkono wa mtu ulipopita mara ya mwisho. Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na siku hiyo ya kifo nitalala kaburini mwako, sitoki mpaka watoto wako waniambie ulichokigusa."

Na kwa nini hakusema? Kwanza, neno likitamkwa kwenye gereji ya Mabruki linafika Nzega kabla ya basi. Pili, na hili ndilo lenyewe, kati ya vitu vyote alivyovigusa Jumamosi, kile ambacho Mathias hakukishuku hata kidogo ni ile nta. Plagi alizishuku, chujio alilishuku, yule kijana wa glovu alimshuku sana. Nta ya baba yake, hapana. Jino lilifika Pasaka!

Ila alimwomba Mabruki jambo moja, waende wote Kigwa. Kwanza alisikilize gari njiani likiugua. Na kisha Mathias alihitaji mtu wa kukaa kati yake na mama mkwe. Wao walikuwa wa kizamani katika hilo. Kwa miaka thelathini na minne ya ndoa, Mathias na Bibi Nyamizi walikuwa wamesalimiana tu, kwa mbali, yeye amechuchumaa na kuangalia pembeni, mama amejifunika kanga. Neno lingine lolote lilipitia kwa Getruda. Getruda hayupo, basi lipite kwa nani? Mtoto hafai, atasema yote. Mtani naye atasema yote na zaidi, lakini mtani hahesabiwi. Mabruki akakubali, akasema anakwenda kwa ajili ya Bibi tu, maana Bibi ndiye Mnyamwezi pekee mwenye akili anayemfahamu.

Jumatano Mathias akavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Kabla ya kuondoka akakigeuzia darini kile kioo cha mbele cha kumwangalia abiria wa nyuma, ili macho yake yasije yakakutana na ya mama mkwe safarini. Mabruki akamkumbusha kwamba mama mkwe haoni. Mathias akajibu kwamba heshima haipimwi kwa macho ya mtu, na lilikuwa jibu zuri, ila kioo hicho ndicho kilichomponza baadaye.

Njia nzima gari lilikwenda vizuri, maana likiwa mwendoni halikuwa na neno. Walipoingia uani Kigwa, Mathias akalizima likiwa bado linabiringika, lisipate nafasi ya kuonyesha tabia yake. Mabruki aliona. Akaweka akiba.

Salamu zikachukua muda wake. Mathias akachuchumaa mbali karibu na ghala, akatoa shikamoo yake kuelekea migombani, nayo marahaba ikamfikia kutoka chini ya kanga. Mabruki alikaa na Bibi hapo hapo kizingitini, akala matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akaambiwa kwamba Wazaramo hawajui kulima ila kucheza ngoma, akajibu kwamba ndiyo, na ngoma zenyewe wanapigiwa na Wanyamwezi waliochoka kubeba mizigo. Bibi akacheka. Lakini alipoongozwa kwenye gari, mkono wake ulikuwa baridi. Mabruki alimnong'oneza Mathias hivyo. Bibi alibeba kifurushi cha nguo, fimbo yake, na jogoo wa kumpa daktari, amefungwa miguu kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Akaketi nyuma ya kiti cha dereva. Mabruki akaketi mbele, kushoto, tayari kwa kazi ya ukalimani.

Gari likawaka vizuri. Wakaenda kama nusu saa, Mathias akaanza hata kupumua. Kisha wakafika pale barabara inapokatiza reli, na treni ya mizigo ilikuwa inapita. Mabehewa yakaja, yakaja, yakaendelea kuja. Mathias alikuwa amesimamisha gari na hakuwa na la kufanya isipokuwa kusali. Gari likaanza. Kwanza kiti, kisha usukani, kisha vioo, kisha jogoo akaamka na kuanza kupiga kelele.

Sauti ya Bibi Nyamizi ikatoka nyuma, tulivu. Alitaka Mabruki amwulize mkwe wake kama gari lina homa. Mathias akasema mwambie mama ni njia mbovu tu.

"Bibi, anasema ni njia," Mabruki akatafsiri. "Lakini tumesimama."

Gari likazima. Mathias akawasha, likatetemeka zaidi, likazima tena. Treni ikaisha, njia ikawa nyeupe, na wao wako pale pale. Mabruki akashuka akafungua boneti, Mathias akamfuata, na pale wakainama vichwa viwili juu ya injini ya moto huku Mabruki akiuliza kwa sauti ya chini, bila mzaha sasa, umegusa nini, na Mathias akijibu kwa sauti ya chini zaidi kwamba hajagusa kitu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imefika relini.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi Nyamizi alishuka mwenyewe, kifurushi kwapani, jogoo mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Akapapasa kwa fimbo mpaka chuma kikalia. Reli. Reli ile ile inayopita Kigwa, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Mtu asiyeona akiifuata kwa fimbo hapotei. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Mathias. Alikuwa mtu aliyepata ruhusa aliyokuwa akiitafuta. Mathias aliona yote kwa mara moja: siku ya mwisho ya madaktari, mke wake akirudi kutoka Nzega na Advera na mtoto, na mama mkwe wake akimpapasa kitukuu wake usoni kwa vidole mpaka anakufa. Na mwenye kosa alikuwa yeye, na mswaki, na kiherehere chake.

Bibi alipiga hatua mbili, akasimama. Upepo ulikuwa unatoka upande wa boneti. Akainua pua. Huyu alizaliwa kwenye moshi wa mizinga, baba yake na babu yake walikuwa warina asali.

"Mabruki," akasema, "mwulize mkwe wangu. Hiyo nta inayoyeyuka ni ya nini?"

Mabruki akainua kichwa pole pole kutoka kwenye injini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyealikwa karamu mbili siku moja.

Uongo ulikuwepo bado. Pori lilikuwa pande zote, na kusema kuna mzinga karibu kusingekuwa kazi. Mathias aliufikiria, tusimfiche. Kisha akaingiza mkono kwenye injini, akaugusa ule mpira, na nta ikamjia vidoleni, laini, nyeusi, moto. Kumbe! Ikipoa inakaza, ikipata moto inalegea. Mtu wa nyuki wa miaka yote hiyo, na hakuwahi kuifikiria nta kwenye moto wa injini. Akajifuta jasho la usoni kwa mkono ule ule, paji lote na shavu.

"Mwambie mama," akasema, "nilikatazwa kugusa gari nikaligusa. Nikakata mpira. Nikauziba kwa nta, nikaipaka masizi ili nisijulikane. Mwambie na fundi nilimdanganya. Mwambie samahani."

"Bibi," Mabruki akasema, "amevunja, ameficha, amedanganya, na ana kipaji cha uchoraji."

Akamwambia Mathias aingie akawashe. Gari likawaka kwa tabu, likitikisika. Mabruki akaweka kidole gumba juu ya tundu, gari likatulia papo hapo. Akaondoa kidole, likatetemeka. Akaweka, likatulia. Ushahidi ulikuwa umetosha mara ya kwanza, lakini alirudia mara sita, kwa furaha yake mwenyewe, mpaka Mathias akazima injini bila kuambiwa.

Bibi Nyamizi alikuwa bado amesimama juu ya reli, amewapa mgongo. Walimsubiri. Fimbo iligonga chuma mara moja, mara mbili.

"Mwulize," akasema. "Hilo la macho. Linauma?"

Mabruki akafungua mdomo kusema haliumi hata kidogo, na Bibi akamkata kabla hajafika katikati. "Sijakuuliza wewe. Nimesema mwulize."

Mathias alikuwa ameshikilia mlango wa gari. Alijua jibu ambalo Getruda angelitaka, alijua jibu ambalo watu wote walikuwa wamelitoa kwa miaka mitatu. Lakini alikuwa amechoka, na masizi yalikuwa mkononi.

"Mwambie sijui," akasema. "Sijawahi kupasuliwa jicho. Mwambie ningekuwa mimi ningeogopa sana."

Mabruki alilifikisha neno kwa neno, bila kuongeza kitu. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

Bibi Nyamizi akagonga chuma mara ya tatu. Kisha akasema, si kwa Mabruki hasa, wala si kwa Mathias, kwamba hata yeye anaogopa sana, na kwamba miaka mitatu watu wanamjia na hauumi, hauumi, mpaka amejiona yeye ndiye mjinga wa Kigwa nzima. Akageuza fimbo kuelekea kwenye gari.

"Mwambie atengeneze, twende."

Mabruki akaukata mpira sehemu iliyoharibika, akaivuta ncha nzima, ikafika kwa shida mahali pake. Sasa kilitakiwa kitu cha kuukaza. Akatafuta mifukoni, akatafuta kwenye buti, hakuna. Ni Bibi aliyewanyooshea jogoo, bila kuambiwa. Ule ukanda wa mpira wa baiskeli ukatoka miguuni kwa jogoo ukaenda kwenye injini, ukazungushwa mara nne na kufungwa. Gari likawashwa. Likasimama pale pale relini likinguruma, dakika tano nzima, moto wake wote, bila kutingisha hata kioo. Kilichotetemeka kuanzia hapo hadi mjini ni Mabruki, ambaye ilibidi ampakate jogoo asiyefungwa miguu, na kila aliposema neno la utani jogoo alimdonoa.

Walifika Kitete daftari la wagonjwa linataka kufungwa. Muuguzi alimtazama Mathias usoni kwa muda, akafungua mdomo, akageuza macho kwa Mabruki. Mabruki akatikisa kichwa na kumwambia kwa huzuni kwamba ni alama ya ukoo wao. Mathias alidhani wanazungumzia ugonjwa wa macho. Bibi Nyamizi akaandikwa, akapimwa, akapasuliwa jicho la kulia mchana ule ule, na Mathias akakaa nje kwenye benchi, watu wakipita na kumtazama, naye akifikiri wanamwonea huruma. Usiku alilala kwenye gari. Kioo kilikuwa bado kimetazama darini.

Kabla ya hapo, jioni, Getruda alipiga simu akaomba kuzungumza na mama yake. Mathias alimpa muuguzi simu, akasimama mlangoni roho mkononi. Akamsikia Bibi Nyamizi akisema kwamba amefanyiwa, kwamba upasuaji uliuma kidogo, na kwamba safari ilikuwa nzuri. Gari lilisimama mara moja tu, akasema, kupisha treni. Mathias alikwenda kukaa tena kwenye benchi, na kwa kitambo hakuweza kumtazama mtu.

Alhamisi asubuhi daktari akaja kufungua bandeji. Mabruki alikuwa amefika mapema, na jogoo alikwisha kukabidhiwa. Mathias, kwa kuwa mila ni mila, alisimama nje ya mlango wa wodi, nusu yake nyuma ya ukuta, akichungulia kwa upande.

Daktari akatoa bandeji, akanyoosha vidole. Viwili, akasema Bibi. Vinne. Akaulizwa dirishani kuna nini, akasema kuna pazia, na linahitaji kufuliwa. Akaulizwa huyu aliyesimama hapa ni nani, akamkagua Mabruki kutoka juu hadi chini na kusema kwa sauti aliyoisikia huyu ni Mzaramo, ila alitegemea mtu mrefu. Wodi ikacheka. Kisha lile jicho likatembea, likapita vitanda, likafika mlangoni, likamkuta Mathias. Alitakiwa kugeuka. Wote wawili walitakiwa kugeuka. Hakuna aliyegeuka.

"Mabruki," Bibi Nyamizi akasema, "mwambie mkwe wangu akanawe uso. Ana masizi kuanzia paji hadi shavuni."

Mathias akapeleka mkono usoni. Akaelewa yule muuguzi, na watu wa kwenye benchi, na jana nzima, na Mabruki ambaye sasa alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. Lakini aibu haikupata nafasi ya kukaa. Anaona, alikuwa akifikiri. Ameyaona masizi. Furaha ikampanda ghafla, kubwa, ikamjaza macho machozi, na kabla Mabruki hajapata pumzi ya kufikisha ujumbe, Mathias akajibu mwenyewe, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Nimesikia, mama."

Bibi Nyamizi akashtuka, akavuta kanga akajifunika uso, kama inavyopasa mbele ya mkwe. Jicho la kulia aliliacha nje.